Mpira wa Snuka na Pembe ya Ndovu: Historia ya Kitu Kidogo Kilichogharimu Mengi

 Juma hili tunazungumzia kitu ambacho wengi wenu mmekishika mkononi bila ya kukifikiria sana, nacho ni mpira wa mchezo wa snuka. Mpira huo una kipenyo cha milimita 52 na nusu, uzito wake ni takriban gramu 140, na siku hizi hutengenezwa kiwandani kwa plastiki ngumu. Lakini kanuni za kuuchagua, kuusafisha na kuutunza zina asili ya mbali, na sehemu ya asili hiyo iko kwetu: katika nyika za Afrika Mashariki, katika njia za misafara ya Unyanyembe na Ujiji, na katika maghala ya Zanzibar.

Tuanze na mchezo wenyewe. Snuka ni mtoto wa biliadi, mchezo wa meza uliochezwa Ulaya kwa karne kadhaa. Biliadi ya Kiingereza ilihitaji mipira mitatu tu, miwili myeupe na mmoja mwekundu. Mwaka 1875, katika mji wa Jabalpur nchini India, ofisa kijana wa jeshi la Uingereza aitwaye Neville Chamberlain, ambaye siye yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliongeza mipira ya rangi mbalimbali katika mchezo mwingine uliokuwa na mipira 15 myekundu. Huo ndio mwanzo wa snuka. Seti kamili ya mchezo huu leo ina mipira 22: myekundu 15, ya rangi nyingine sita, na mmoja mweupe unaopigwa kwa fimbo. Tafadhali msikilizaji ikumbuke hesabu hiyo ya 22, kwa kuwa tutairudia.

Mipira ya kale ya biliadi ilikuwa ya mbao, na mingine ya udongo. Baadaye wachezaji waligundua kuwa hakuna kitu kilichogongana na kuachana kwa uzuri kama pembe ya ndovu. Pembe hizo, ambazo kwa hakika ni meno ya mnyama huyo, ni ngumu lakini si kavu kama jiwe. Mpira wa pembe unapompiga mwenziwe humpa karibu nguvu yake yote, na sauti yake ni ya kupendeza. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 19, mpira wa biliadi wenye heshima ulikuwa wa pembe, na jina la kitu hicho likawa haliachani na jina la ndovu.

Hata hivyo, si kila pembe iliyofaa. Wafanyabiashara waligawa pembe katika mafungu mawili makuu: pembe ngumu, zilizotoka zaidi katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na pembe laini, zilizotoka katika nyika za Afrika Mashariki. Pembe laini ilikuwa nyeupe zaidi, ilichongeka kwa urahisi, na ilistahimili mabadiliko ya joto na baridi bila ya kupasuka upesi. Hivyo pembe ya pwani yetu ilitafutwa sana kwa kutengenezea mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano.

Fundi mkerezaji aliyeletewa pembe hakuweza kuitumia yote. Sehemu iliyo karibu na fuvu la mnyama ina uwazi ndani yake, nayo haifai kitu kwa mipira. Fundi aliihitaji sehemu iliyojaa, kuelekea kwenye ncha. Hata hapo, katikati ya pembe hupita mshipa mwembamba, na mpira ulipaswa kukerezwa kwa namna ambayo mshipa huo ungepita katika kitovu chake hasa. Ukienda kando kidogo tu, upande mmoja wa mpira huwa mzito kuliko mwingine, na mpira hupinda njia unapobingirika. Kwa hiyo pembe nene zilizopinda za ndovu dume hazikupendelewa kwa kazi hii. Zilitafutwa pembe nyembamba zilizonyooka, ambazo nyingi zilikuwa za ndovu jike. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba pembe moja ilitoa mipira minne au mitano. Maana yake ni kuwa ndovu mmoja alitosheleza meza mbili au tatu za biliadi ya Kiingereza, lakini kwa seti moja ya snuka yenye mipira 22, ndovu wawili hawakutosha.

Na mpira ukishapatikana, taabu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Pembe hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa, na inapokauka hainywei sawasawa pande zote. Hupungua zaidi katika upana wake kuliko katika urefu wake. Mpira uliokuwa mviringo kamili huweza kuwa na umbo la yai, ingawa jicho halioni. Kwa hiyo mipira iliyokerezwa nusu iliwekwa ghalani miezi mingi, na pengine miaka, ili ikauke polepole kabla ya kumalizwa. Mwenye meza aliyenunua mipira mipya alishauriwa asiipige kwa nguvu katika siku za mwanzo, asiiweke karibu na moto, na asiitoe katika baridi ya nje na kuiingiza ghafla katika chumba chenye joto, maana ingeweza kupasuka. Mpira ulipopoteza umbo ulirudishwa kwa mkerezaji. Kila ulipokerezwa ulipungua, na mipira mwenziwe nayo sharti ipunguzwe ili yote ilingane. Baada ya kukerezwa mara kadhaa, seti nzima ilikuwa ndogo mno na haikuwa na kazi tena.

Hapa mtu anaweza kujiuliza: pembe hizo zilifikaje katika karakana za London na New York? Jibu la swali hilo linatupeleka Zanzibar. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts, alianza kazi ya ubalozi mdogo wa Marekani kisiwani humo. Meli za Salem zilileta kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani. Zilirudi na sandarusi, ngozi na pembe. Pembe nyingine zilipitia Bombay kwanza, ndipo zikaenda London, na baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 njia ya kwenda Ulaya ilifupika zaidi.

Pembe hizo zilitoka mbali. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, ikafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na baadaye ikavuka ziwa hadi Kasongo na Nyangwe, katika bonde la Mto Lualaba. Mali ilihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ilikaribia kilo 16. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki dunia Zanzibar mwaka 1905, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na katika masimulizi hayo utajiri ni frasila za pembe. Kiswahili kinachosemwa hadi leo mashariki mwa Kongo kilipita katika njia hizo hizo.

Waliobeba pembe hizo mabegani walikuwa wapagazi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, na wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini biashara ya pembe na biashara ya utumwa ziliandamana. Watu waliotekwa bara walitembezwa katika njia hizo hizo hadi pwani, na wengine walilazimishwa kubeba mizigo. Vijiji vilivyokuwa na pembe vilivamiwa kwa bunduki. Ni kweli kwamba sehemu ya pembe hizo ilikwenda kutengenezewa bangili za India, vitana, mipini ya visu na vibonyezo vya piano, na haifai kuutwika mpira wa biliadi mzigo wote. Lakini bwana aliyekuwa akicheza katika chumba chenye taa nzuri mjini London, akilalamika kwamba mpira wake umepinda njia, hakuwa na habari ya njia ambayo mpira huo ulikuwa umepitia.

Kadiri miaka ilivyopita, ndovu walitoweka karibu na pwani, misafara ikalazimika kwenda mbali zaidi, na bei ikapanda. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan na Collender ya New York, iliyokuwa ikiuza vifaa vya biliadi, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. Miongoni mwa walioanza kufanya majaribio alikuwa mpiga chapa wa mji wa Albany, John Wesley Hyatt. Mwaka 1870 yeye na ndugu yake Isaiah walipata hataza ya kitu kilichokuja kuitwa seluloidi. Kilitokana na pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, kisha ikachanganywa na kafuri, ile ile ambayo watu wa pwani wanaijua kwa harufu yake wakati wa kuwaandaa marehemu kwa maziko.

Seluloidi ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kushika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia, alipotunukiwa nishani ya Perkin mwaka 1914, kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kumweleza kuwa mipira yake ikigongana kwa nguvu wakati mwingine hutoa mlio kama wa fataki. Mwenye baa huyo alisema yeye hana tatizo na mlio huo, ila kila unaposikika, wanaume wote waliomo ukumbini huchomoa bastola zao. Pamoja na kichekesho hicho, jambo zito lilikuwa limetendeka. Kutokana na haja ya kupata mpira wa biliadi, mlango wa zama za plastiki ulikuwa umefunguliwa.

Wachezaji wakubwa wa biliadi hawakuipokea mipira mipya kwa furaha. Walishikilia pembe kwa miongo mingi, wakidai kuwa mpira wa kutengenezwa hauna uhai. Hapo ndipo ile hesabu ya 22 inaporejea. Anayetafuta mipira mitatu ya pembe inayolingana kwa uzito na ukubwa anaweza kuipata, tena ikiwezekana kutoka katika pembe moja. Anayetafuta mipira 22 inayolingana anatafuta jambo ambalo maumbile hayakulikusudia, kwa kuwa hakuna ndovu wawili wenye meno yanayofanana. Snuka ilihitaji usawa ambao pembe haikuwa nao. Kwa hiyo mchezo huo uliandamana na mipira ya viwandani, ikiwemo ile iliyoitwa Crystalate, ambayo katika miaka ya 1920 ilikubaliwa hata katika mashindano makubwa ya biliadi nchini Uingereza. Katika muongo huo huo, mwaka 1927, Joe Davis alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa snuka.

Hatua ya mwisho ilitokana na kazi ya Leo Baekeland, mwanakemia mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji aliyehamia Marekani. Mwaka 1907 alifanikiwa kuunganisha fenoli na fomaldehaidi na kupata bakelaiti, plastiki ambayo ikishagandishwa kwa joto haiyeyuki tena. Mipira bora ya snuka ya leo hutengenezwa kwa resini ya jamii hiyo, na mashuhuri zaidi ni ile ya Aramith inayotoka katika kiwanda cha Saluc, huko huko Ubelgiji. Historia ina mizaha yake. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati Kongo ilipokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili, bandari ya Antwerp ya nchi hiyo hiyo iligeuka kuwa mojawapo ya masoko makubwa ya pembe duniani.

Baada ya safari hiyo ndefu, mpenzi msikilizaji, sasa tunaweza kuelewa kwa nini mafundi wanasisitiza mambo fulani wanapotushauri kuhusu mipira. La kwanza ni usawa. Kanuni rasmi za snuka zinataka kipenyo kisizidi wala kisipungue milimita 52 na nusu kwa zaidi ya sehemu tano za mia za milimita moja, na tofauti ya uzito katika seti moja isizidi gramu tatu. Kwa hiyo anayenunua seti iliyokwisha kutumika aipime mipira yote, mmoja baada ya mwingine, kwa mizani ndogo ya kidijitali, na aikague kama ina mikwaruzo au mahali palipomeguka. Mpira mweupe ndio unaopigwa kila mara, nao huchakaa kabla ya mingine. Ukibadilishwa peke yake kwa mpira wa seti nyingine, mchezo huharibika bila ya mtu kujua sababu. Wale waliozoea pool katika mabaa ya miji yetu ya Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Katika meza nyingi za kutumbukiza sarafu, mpira mweupe hutofautiana na mingine kwa ukubwa au kwa uzito ili mashine iweze kuutenga na kuurudisha, na kwa sababu hiyo hauendi kama wa snuka.

La pili ni usafi. Vumbi la chaki inayopakwa kwenye ncha ya fimbo hunata juu ya mpira. Chembe yake ikikaa baina ya mipira miwili wakati inapogongana, mipira hiyo hung'ang'aniana kwa kitambo kidogo mno, mmoja huruka, na shabaha huharibika. Ndiyo sababu katika mashindano mchezaji huruhusiwa kumwomba mwamuzi ausafishe mpira, na mwamuzi huvaa glavu. Nyumbani au klabuni inatosha kuiosha mipira kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kuisuuza, na kuikausha papo hapo kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Unga wa kusugulia sufuria, dawa ya kung'arishia nguo na petroli visitumike. Kitambaa cha meza nacho kipigwe brashi, kwa maana mpira safi juu ya kitambaa chenye vumbi hauchelewi kuchafuka. Mchezo ukimalizika, mipira irudishwe katika sanduku lake, mbali na jua, ambalo hugeuza weupe kuwa manjano.

Je, plastiki ilimwokoa ndovu? Wengi hupenda kusimulia hivyo, na masimulizi hayo yana ukweli nusu. Plastiki iliuondoa mpira wa biliadi katika orodha ya sababu za kumuua ndovu, lakini haikuiondoa tamaa. Makadirio yanayotajwa sana yanaonyesha kuwa ndovu wa Afrika walikuwa milioni moja na laki tatu mwaka 1979, na miaka kumi baadaye walikuwa wamebaki takriban laki sita. Mwezi Julai mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alizichoma moto hadharani tani 12 za pembe, na mwaka huo huo nchi zilizotia saini mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Hata baada ya hapo, hesabu za serikali ya Tanzania zilionyesha kuwa ndovu wa nchi hiyo walipungua kutoka 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. China ilifunga soko lake la ndani la pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Kilichohitajika ni sheria, na askari wa wanyamapori wa kuisimamia, wala si uvumbuzi wa kitu mbadala peke yake.

Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee wasikilizaji wetu mlioko ughaibuni. Katika masoko ya vitu vya kale ya Uingereza na Marekani bado huonekana mipira mizee ya biliadi. Mpira wa pembe hutambulikana kwa mistari myembamba inayokatana kama wavu, na pengine kwa vidoa viwili vidogo, kimoja kila upande, mahali mshipa ulipopita. Mtu asijaribu kuutambua kwa kuuchoma na sindano ya moto, kwa sababu ukiwa wa seluloidi unaweza kuwaka. Nchini Uingereza, sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwezi Juni mwaka 2022, inakataza kuuza na kununua vitu vya pembe za ndovu isipokuwa kwa vighairi vichache, na mpira mtupu wa biliadi kwa kawaida haumo. Kuumiliki au kuurithi hakukatazwi. Lakini kuuvusha mpaka wa nchi bila ya kibali kunaweza kumtia msafiri matatani. Anayerithi mpira wa namna hiyo aufute kwa kitambaa kikavu, asiuloweshe maji, na auweke mahali pasipo jua wala hita.

Wahenga walisema ndovu hashindwi na mkonga wake. Pembe zake lakini zilimshinda, kwa kuwa zilikuwa na thamani zaidi kwa wengine kuliko kwake. Walioitafuta pembe ile kwa ajili ya mchezo walikuwa wakitafuta mpira ulio sawasawa pande zote na unaolingana na wenzake, na mwishowe wakaupata mahali ambapo hapakuhitajiwa ndovu wala mpagazi. Ule wa pembe uliobaki katika sanduku la mzee fulani unastahili kutunzwa na kuelezwa kwa watoto, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya Bagamoyo na Tabora kama ulivyo sehemu ya historia ya London.